Punda Asife, na Mzigo Ufike

Wahenga wametuachia msemo usemao, "Punda afe, mzigo ufike." Twautumia kumsifu mtu aliyeshika kazi asiiache, hata kama itamgharimu. Sisi hatuna nia ya kushindana na wahenga. Walakini leo twaomba ruhusa ya kuuliza swali moja: punda akiisha kufa, mzigo wa kesho utafikishwa na nani?

Swali hilo si la mzaha. Katika Mkoa wa Shinyanga, na katika ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama, ukapita Kakola na kuingia Geita, hilo ni swali la maji ya kunywa, la unga wa chakula cha jioni, la kuni, na la riziki ya mchimbaji mdogo. Ni swali la utawala pia. Maana nchi yetu imekwisha kutunga sheria ya kumlinda mnyama, na imekwisha kupiga marufuku biashara iliyotaka kummaliza punda. Lakini bado hatujaamua sawasawa ni nani atakayeisimamia sheria hiyo mahali anapoishi punda mwenyewe, yaani kijijini, njiani, mnadani na machimboni.

MTUMISHI ASIYE NA MSHAHARA

Mtu akipita alfajiri katika vijiji vya Usukuma atawaona punda wawili au watatu, wenye madumu ya maji ubavuni, wakiifuata njia wanayoijua wenyewe, na nyuma yao mtoto au mama mwenye fimbo mkononi. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yamefikishwa kwa mabomba katika miji ya Shinyanga na Kahama, na hilo ni jambo la kushukuriwa sana. Lakini si kila kijiji kina bomba, wala si kila nyumba iko karibu na bomba la kijiji. Mahali ambapo bomba halijafika, punda ndiye bomba.

Machimboni kazi yake ni nzito zaidi. Mawe yatokayo katika maduara hutiwa katika mifuko, yakapelekwa kwenye makarasha yakasagwe, kisha kwenye mialo yakachenjuliwe. Penye barabara nzuri kazi hiyo hufanywa na magari na pikipiki. Pasipo na barabara, au mchimbaji asipokuwa na fedha ya kukodi gari, mzigo hubebwa na watu na punda. Maji ya kuchenjulia nayo hayaji yenyewe. Basi sehemu ya dhahabu ile inayopimwa kwa gramu mezani pa mnunuzi ilianza safari yake mgongoni mwa mnyama ambaye hatapata fungu lake, hata likiwa la pumba tu.

Tupige hesabu kidogo, maana hesabu haina upendeleo. Wataalamu wa mifugo hushauri kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Punda mwenye kilo 150, basi, abebe kilo 50. Dumu moja la lita 20 likijaa maji lina kilo 20. Madumu manne ni kilo 80. Mwenye kumtwika punda huyo madumu manne amekwisha kumzidishia kilo 30, kabla mtoto hajarukia mgongoni kwa kuchoka. Na mawe ni mazito kuliko maji. Mzigo huo hufungwa kwa kamba mgongoni pasipo godoro la kutosha, kamba ikachuna ngozi, pakaota kidonda, na kidonda hicho hakipewi hata siku moja ya kupona, kwa kuwa kesho maji yatahitajiwa tena.

Hatusemi haya kwa kuwalaumu akina mama na vijana wanaotafuta riziki. Twajua kwamba mtu hampigi punda wake kwa kumchukia. Humpiga kwa sababu jua limepanda, foleni kisimani ni ndefu, na watoto nyumbani wana kiu. Umaskini wa mwenye mnyama ndio kidonda cha kwanza, na kile cha mgongoni mwa punda hufuata. Lakini umaskini huohuo ndio unaotuambia kwamba punda akifa mapema, mwenyewe atakuwa maskini zaidi.

KISU KILICHOTOKA MBALI

Mnyama huyu mnyenyekevu alifikiwa na msiba uliotoka nchi za mbali. Huko China kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, itengenezwayo kwa kuchemsha ngozi za punda mpaka zitoe ute mzito kama gundi. Zamani ilikuwa dawa ya wachache. Watu wa huko walipozidi kupata fedha ikawa dawa ya wengi. Punda wa China, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wapatao milioni 11, wakapungua hadi chini ya milioni 3. Ndipo wafanyabiashara walipogeuza macho wakaitazama Afrika.

Hapa yafaa msomaji akumbuke kwamba punda si kuku. Punda jike hubeba mimba kwa muda wa mwaka mzima hivi, huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo huhitaji miaka kadhaa kabla hajafaa kwa kazi au kwa kuzaa. Mwenye kiwanda cha kuchinja kila siku hawezi kungojea uzazi wa namna hiyo. Atawanunua walioko, wakiisha atakwenda wilaya ya pili, na wakiisha huko nako, atashawishika kununua hata walioibwa, bila kuuliza maswali mengi.

Nchini kwetu machinjio mawili ya punda yalipata kibali, moja Dodoma na la pili hapo Shinyanga. Mwaka 2017 serikali iliisimamisha kazi hiyo kwa kuhofia kwamba punda watakwisha. Baadaye ikaruhusiwa tena. Mwezi wa Desemba 2021, Waziri wa Mifugo na Uvuvi wa wakati huo, Ndugu Mashimba Ndaki, alipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa muda wa miaka 10. Tukumbuke kwamba hesabu za serikali zimekuwa zikitaja ng'ombe zaidi ya milioni 30 katika nchi hii, lakini punda ni laki sita na nusu tu au karibu na hapo. Mali iliyo chache namna hiyo haiwezi kulisha viwanda.

Jirani zetu wa Kenya walionja uchungu huo pamoja nasi, tena zaidi yetu. Tangu mwaka 2016 yalifunguliwa huko machinjio manne. Watafiti wa kilimo na mifugo wa nchi hiyo walihesabu kwamba tangu Aprili 2016 mpaka Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya laki tatu. Wizi ukaenea. Watu waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu, na porini mzoga uliochunwa ngozi. Wenye punda walipiga kelele, wakaandamana, na mwezi wa Februari 2020 serikali yao ikaamuru biashara hiyo ikomeshwe. Lakini mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya huko ikaitengua amri hiyo.

Twaomba wakubwa wetu walitazame jambo hilo la mwisho kwa makini. Amri ya waziri ni kitu cha haraka, na haraka ina faida yake nyumba inapowaka moto. Lakini amri inayosimama peke yake, bila sheria imara nyuma yake na bila wananchi chini yake, yaweza kuangushwa asubuhi moja na mtu mwenye wakili hodari.

Kwa bahati njema Afrika nzima imeamka. Mwezi wa Desemba 2022 wajumbe wa nchi mbalimbali walikutana katika mji wetu wa Dar es Salaam wakazungumza juu ya punda, wakapendekeza biashara ya ngozi zake isitishwe kwa miaka 15. Mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, katika mkutano wao wa Addis Ababa, wakaipiga marufuku biashara hiyo katika bara zima. Ni heshima kubwa kwamba mazungumzo yaliyoandaa njia ya uamuzi huo yalifanyika katika ardhi ya Tanzania. Na heshima ni deni.

KISU KIMEZUIWA, FIMBO JE?

Deni lenyewe ni hili. Marufuku imemwokoa punda na kisu. Haijamwokoa na fimbo, wala na kamba, wala na kiu. Mnyama anayenusurika kuchinjwa kiwandani, kisha akafa njiani chini ya mzigo wa mawe, hakupata faida kubwa kwa uamuzi wa Addis Ababa.

Si kwamba hatuna sheria. Bunge letu lilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008. Sheria hiyo yakataza ukatili. Yaelekeza namna ya kumfuga mnyama, kumsafirisha, kumfanyisha kazi na kumchinja. Yaweka Baraza la Ushauri. Na yaruhusu kuteuliwa kwa wakaguzi. Msingi wake ni zile haki tano ambazo dunia nzima imezikubali: mnyama asiachwe na njaa na kiu, asiwekwe mahali pa kumtesa, asiachwe na maumivu, jeraha na ugonjwa bila kutibiwa, asiishi katika hofu, na aachwe aishi kwa tabia yake ya asili. Wala sheria hiyo si ya punda peke yake. Ng'ombe anayepakiwa katika lori Shinyanga akasimama karibu kilomita elfu moja mpaka mnada wa Pugu, akianguka hukanyagwa na wenzake, naye yumo katika sheria hiyohiyo. Maksai anayekokota plau hali bega lina usaha, naye yumo.

Lakini sheria haina miguu. Hutembezwa na watu. Huko kijijini sheria hiyo hutazamiwa kutembezwa na bwana mifugo au bibi mifugo, ambaye mara nyingi ana vijiji kadhaa mkononi mwake, ana magonjwa ya ng'ombe ya kushughulikia, ana taarifa za kuandika, na mafuta ya pikipiki ni ya kuomba. Mnadani hukaguliwa kibali cha kusafirisha mifugo na risiti ya ushuru. Ni haki, maana serikali haiendeshwi bila mapato. Lakini jicho linalosoma karatasi lingeweza, kwa dakika ileile, kutazama mgongo wa mnyama. Halmashauri ikusanyayo ushuru wa kila kichwa kinachopita mlangoni haiwezi kusema kwamba hali ya kichwa hicho haiihusu.

Hata katika mipango yetu mizuri punda husahauliwa. Mwaka 2025 ilizinduliwa huko Simiyu, jirani na Shinyanga, kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo. Ni kazi kubwa na ya maana, nasi twaiunga mkono. Ilielekezwa kwa ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku. Ng'ombe huuzwa, kuku huuzwa, na kwa hiyo huhesabiwa. Punda hafanyi lolote ila kazi, na kazi yake haiandikwi katika daftari la mtu yeyote.

SOMO LA USUKUMA

Wako watu wasemao kwamba dawa ni moja tu: faini kali, askari wengi na kifungo. Sisi twawasihi watu hao wasome historia ya Usukuma kabla hawajasema tena.

Mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, makao yake yakiwa Malya. Ndani ya mpango huo zilikuwamo amri chungu nzima: namna ya kulima matuta, kutia samadi, mahali pa kuchunga, na, lililouma kuliko yote, kupunguza ng'ombe kwa lazima. Si kila jambo lililokuwamo lilikuwa la upuuzi. Ardhi ilikuwa imechoka kweli, na malisho yalikuwa haba kweli. Lakini mwenye ng'ombe hakuulizwa. Aliambiwa apunguze, asipopunguza alitozwa faini, akishindwa kulipa alifungwa. Kwa Msukuma ng'ombe si nyama tu. Ndiye mahari ya kijana, akiba ya mwaka wa njaa, na heshima ya mzee barazani. Aliyemwamuru auze ng'ombe bila kumsikiliza hakumfundisha ufugaji, ila alimfundisha kuficha ng'ombe.

Chama cha TANU kilipigwa marufuku katika Usukuma tangu mwaka 1954 mpaka 1958, lakini hasira za watu hazikuwezekana kupigwa marufuku. Mwaka 1958 watu wa Geita walisimama kulipinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi waliloletewa bila ridhaa yao, na maelfu wakaenda Mwanza kudai haki. Kisa chenyewe kilikuwa baraza, lakini chungu kilikuwa kimetokota siku nyingi kwa amri za mashamba na ng'ombe. Serikali ya kikoloni ikalazimika kurudi nyuma, na amri nyingi za mifugo zikafa kwa kukosa mtu wa kuzitii.

Sasa tutazame upande wa pili. Tangu miaka ya 1920 miti mingi ya Shinyanga ilikuwa imefyekwa ili kufukuza mbung'o, na baadaye mashamba ya pamba, kuni na mifugo vikamaliza iliyobaki. Kufikia miaka ya 1980 watu walikuwa wakiiita Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 serikali yetu ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kwa jina la HASHI. Mafanikio yake makubwa yalitokana na desturi ya Wasukuma wenyewe iitwayo ngitili, yaani kutenga eneo la malisho, likafungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, kisha likafunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokuwa na njaa. Desturi hiyo ilikuwa imedhoofika, na kwa ukweli yatupasa kukiri kwamba sisi wenyewe tuliidhoofisha baada ya Uhuru, maana watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, wengi walitengwa na ngitili zao.

Mpango ulipoanza, ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta laki tatu, katika vijiji 833, na mwaka 2002 kazi hiyo ikapata tuzo ya Umoja wa Mataifa. Je, walipelekwa askari 833? La. Mipaka ya ngitili iliwekwa na wanakijiji wenyewe. Sheria zake zilitungwa kijijini, na mkosaji alishitakiwa mbele ya baraza la jadi, dagashida, akatozwa faini na watu wanaomjua yeye na baba yake. Haki ya kwanza ya mnyama ni kutokufa njaa. Basi mzee aliyefunga ngitili yake mwaka 1986 alikuwa akiitekeleza Sheria ya Ustawi wa Wanyama miaka 22 kabla haijatungwa.

Kadhalika na ulinzi. Wezi wa ng'ombe walipozidi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni wananchi wa Kahama na majirani zao waliounda sungusungu, na baadaye serikali ikawatambua. Makosa yalitokea, hatuyafichi, maana jeshi la wananchi lisiposimamiwa laweza kuonea. Lakini somo lake ni wazi: mnyama wa kijijini hulindwa na kijiji.

WANAOPINGA TUWASIKILIZE

Twajua kwamba wako wasomaji watakaotucheka. Mmoja atasema: watu hawana zahanati ya kutosha, nanyi mwaandika habari za punda! Sisi twamjibu kwamba katika vijiji vingi mgonjwa na mama mjamzito bado hupelekwa zahanati kwa mkokoteni unaokokotwa na mnyama. Anayemtenga punda na maisha ya binadamu hajapata kuishi mahali pasipo na gari. Mzigo ambao punda hawezi kuubeba hautoweki. Huhamia kichwani mwa mwanamke na mgongoni mwa mtoto aliyepaswa kuwa darasani.

Mwingine atasema: punda ni mali yangu, na anayetaka kuninunulia kwa bei nzuri mnanizuia kwa nini? Hoja hii ni nzito, nasi hatuidharau. Kufungwa kwa machinjio kuliwanyima baadhi ya watu wa Shinyanga ajira, na kuliwanyima wengine soko. Lakini tumwulize ndugu huyo: fedha ya punda mmoja aliyeuzwa ililiwa kwa muda gani? Na alipotaka kununua mwingine alimpata kwa bei gani? Bidhaa ikitafutwa na tajiri wa ng'ambo hupanda bei, na maskini aliyeiuza ndiye wa kwanza kushindwa kuinunua tena.

Wa tatu atasema kwamba huruma kwa wanyama ni mtindo wa Ulaya. Huyu hatuna haja ya kumjibu kwa maneno mengi. Na asimame karibu na mzee wa Kisukuma anayewaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja mmoja, nao wakaitika.

YATUPASAYO KUFANYA

Basi twapendekeza nini?

Kwanza, kila kijiji katika Shinyanga na Geita kitumie mamlaka yake ya kutunga sheria ndogo, kikatunga sheria fupi juu ya mnyama wa kazi: mzigo usizidi kiasi fulani, mwenye kidonda apumzishwe mpaka apone, jike mwenye mimba kubwa asitwikwe, na maji ya kunywa yawe haki yake kabla hajaondoka kisimani. Sheria hiyo isomwe mkutanoni, ijadiliwe, ibadilishwe, na ipigiwe kura na wenye punda wenyewe, akina mama wakiwa mbele. Ikiletwa kutoka juu imechapwa tayari, itakwenda njia ileile ya amri za Malya.

Pili, halmashauri zetu zitenge sehemu ya ushuru wa minada kwa ajili ya mnyama anayelipiwa ushuru huo: birika la maji, kivuli, njia ya kupandia lori isiyovunja miguu, na dawa ya vidonda. Mkaguzi wa mnada akague mgongo pamoja na karatasi.

Tatu, vyama vya wachimbaji wadogo na wenye mialo wahesabiwe kuwa wenye dhamana. Mahali panapotumika zebaki au sianidi hapawezi kuachwa wazi, mnyama mwenye kiu akanywe kifo. Uzio na birika la maji safi ni gharama ndogo kwa mahali panapopimwa dhahabu. Na ofisi za madini zinapokagua usalama wa watu machimboni, zimtazame na mnyama pia, maana hewa ni moja na maji ni yale yale.

Nne, punda aandikwe. Aingizwe katika utambuzi na katika hesabu za mifugo za kila kijiji, ajulikane ni wa nani na anakaa wapi. Mwizi hupenda mali isiyo na jina.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, tusingoje kalenda. Miaka 10 iliyotangazwa Desemba 2021 itatimia Desemba 2031. Siku hiyo itafika kimya kimya, pengine katika mwaka wa ukame, mahindi yakiwa ghali na mifuko ya watu ikiwa mitupu. Na wenye fedha za ngozi watakuwa wanajua tarehe hiyo kuliko sisi. Wizara na Bunge waanze sasa kuliweka jambo hili katika sheria iliyo kamili, inayoafikiana na uamuzi wa Umoja wa Afrika, ili lisitegemee barua ya waziri mmoja wala hukumu ya siku moja. Na kabla sheria hiyo haijaandikwa, waandishi wake waje Kahama, waje Geita, waje Kishapu, wakae chini ya mti na wenye punda, wasikilize. Wakisikia jambo wasilolipenda, wasiondoke.

Twamaliza kwa msemo mwingine wa wahenga, kwamba asante ya punda ni mateke. Tumemlaumu mnyama huyu kwa kukosa shukrani tangu lugha hii ilipoanza kusemwa. Lakini kabla ya kudai asante, mtu hana budi kueleza alitoa nini. Sisi tumempa punda maji baada ya wote kunywa, tumempa fimbo alipochoka, na mara moja tulikaribia kumpa kisu. Yeye ametupa maji ya kila siku.

Shinyanga ilirudisha misitu yake kwa uamuzi wa watu walioketi pamoja wakakubaliana. Watu walioweza kulifunga jangwa hawawezi kushindwa kuufungua mzigo uliozidi. Wakifanya hivyo, watoto wetu wataweza kuusema msemo ule wa wahenga kwa namna mpya: punda asife, na mzigo ufike.